Waranti haifi kwa sababu umeenda kwa fundi wa nje

Wenye magari mapya wengi wanaamini kwamba ukimwaga oili mahali pengine tofauti na kwa wakala aliyekuuzia gari, waranti imekufa. Imani hiyo huwafanya walipe bili kubwa mwaka baada ya mwaka, na wauzaji hawana haraka ya kuisahihisha.

Katika masoko kadhaa makubwa, sheria inasema vingine. Marekani ina sheria ya Magnuson-Moss tangu 1975, inayomkataza mtengenezaji kuifunga waranti kwenye spea au huduma ya kampuni fulani, isipokuwa huduma hiyo aitoe bure. Umoja wa Ulaya ulifungua mlango huo kwa kanuni za 2002 na 2010. Afrika Kusini nayo, kwa miongozo ya Tume ya Ushindani iliyoanza Julai 2021, inamwachia mwenye gari amchague fundi hata waranti ikiwa hai. Mtengenezaji bado anaweza kukataa dai, ila kwa sababu yenye uzito, kwa mfano oili isiyo sahihi ndiyo iliyoua injini. Pasipo na sheria ya namna hiyo, kinachoamua ni maandishi ya waranti yenyewe, nayo yasomwe yote.

Tuangalie kinacholipiwa. Servisi ndogo ni oili mpya, filta ya oili, washa ya nati ya kumwagia, kisha ukaguzi wa filta ya hewa, breki, matairi na taa. Hapo hakuna siri ya kiwanda. Oili inayotakiwa imeandikwa kwenye kitabu cha gari, tuseme uzito wa 0W-20 au 5W-30, pamoja na kiwango chake cha ubora, cha API ya Marekani au ACEA ya Ulaya. Kampuni kama Bosch, Denso na NGK huviuzia viwanda vya magari vifaa vyao, na huviuza pia madukani kwa jina lao wenyewe. Kwa hiyo plagi uliyofungiwa kwa wakala huenda imetoka kiwanda kilekile na ile iliyo kwenye boksi la bei nafuu. Kinachopandisha bili zaidi ni saa ya kazi, na saa hiyo imebeba ukumbi wa vioo, sofa za kusubiria na mishahara ya watu wasiogusa spana.

Upande wa wakala una hoja nzito pia. Mafundi wake wamefunzwa kwa aina moja ya gari, na taarifa za kiufundi za kiwanda zinawafikia wao kwanza. Kiwanda kikiliita gari lirudishwe kwa hitilafu ya usalama, kama ilivyokuwa kwa mamilioni ya magari yenye mifuko ya hewa mibovu ya kampuni ya Takata, anayeirekebisha bila malipo ni yeye. Tatizo linalodaiwa ndani ya waranti lipelekwe kwake moja kwa moja. Tena gereji mbovu zipo: anayejaza oili ya kawaida ya gia kwenye giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) anaiua, na spea feki hufungwa mchana kweupe. Wanaosema rahisi huwa ghali hawajakosea.

Lakini kuna hasara ambayo hoja hizo haziigusi, nayo ndiyo inayonisumbua zaidi. Mtu aliyeaminishwa kwamba ni wakala au hakuna, siku akishindwa bei, mara nyingi hamtafuti fundi mzuri wa bei ya kati. Anaahirisha. Chukulia breki fluidi. Ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini inafyonza unyevu wa hewa kidogo kidogo, na ikishakuwa na maji yapata asilimia 3.7 kiwango cha chini cha kuchemka kinachokubalika ni nyuzi 155 tu. Kwenye mteremko mrefu breki zikipata moto, fluidi chakavu huchemka, mvuke unaingia kwenye mabomba na pedali inazama hadi sakafuni. Kuibadilisha ni kazi fupi na ya bei ndogo. Mkanda wa taiming, unaopanga mwendo wa valvu na pistoni, nao ukikatika kwa kupitiliza muda, katika injini nyingi valvu hugongana na pistoni, na hapo injini yote inafunguliwa. Servisi ya kawaida iliyofanywa kwa wakati na fundi makini inalilinda gari kuliko servisi ya kifahari isiyofanyika.

Anayekwenda gereji ya nje adai risiti yenye tarehe, kilomita, kiwango cha oili na namba ya spea, aone filta ya zamani ikitolewa, na karatasi zote azihifadhi. Huo ndio ushahidi siku ya dai, na ndio utakaomtuliza mnunuzi siku ya kuuza.

Mvutano sasa umehamia kwenye kompyuta ya gari. Wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, waliidhinisha mwaka 2012 haki ya mwenye gari kulitengeneza popote apendapo, na 2020 wakaipanua haki hiyo ifike kwenye data ambazo gari hutuma bila waya. Kwenye magari mengi yenye hendibreki ya umeme, pedi za nyuma hazibadilishwi vizuri mpaka mashine inayounganishwa na kompyuta ya gari iiamuru mota ya breki irudi nyuma, na baadhi ya watengenezaji wameifungia mashine hiyo nyuma ya idhini yao. Fundi aliyenyimwa idhini anaweza kuwa na pedi sahihi mkononi na ujuzi wa kuzifunga, na bado akalazimika kumrudisha mteja kwa wakala.