Kikapu hakikuanguka, kiliinama tu

Jamani, kabla hamjaendelea kumsikiliza yule jamaa yangu anayewaambia niligonga ng'ombe na baiskeli, mimi sikugonga ng'ombe. Hakukuwa na ng'ombe. Ni kikapu.

Kikapu cha mbele cha baiskeli, kile cha waya, nilikipenda toka nakiona. Kilikuja na vyuma viwili vyembamba, ndo miguu yake, vya kushuka mpaka kwenye ekseli ya gurudumu la mbele ili mzigo usining'inie kwenye usukani peke yake. Mimi nikaona hiyo miguu inaiharibia baiskeli sura, nikaitupa stoo. Klampu nayo, kile kibano cha kukishikia kwenye usukani, ni ya usukani wenye unene wa milimita 31.8, wangu 25.4, nikasema si neno, nikazungushia tyubu kuukuu raundi tatu nikakaza nati mpaka spana ikalia. Nikakitikisa, kimetulia. Nikapiga picha nikaposti (mliolaiki siku ile, na nyie mna kesi).

Lebo inasema mwisho kilo 3. Nikaweka kopo la rangi lita 4. Bluu, ya mafuta, ya geti.

Sasa sikilizeni. Niko kwenye kateremko kadogo, hata pedali sipigi. Nikasikia khrrr. Kuchungulia, kitako cha kikapu kimegusa tairi. Yaani kinainama taratibu kama mtu anayesinzia kwenye kikao, kinashtuka, kinainama tena, na tairi linavyozunguka linazidi kukivuta huko huko chini. Mkono wa kushoto nikaupeleka kukamata kopo, ukabaki wa kulia, na kwangu breki ya kulia ni ya mbele. Nikaibana. (Wewe unayecheka nakuona.) Tyubu ikateleza yote, kikapu kikajilaza kifudifudi juu ya gurudumu, kopo likatoka taratibu kama mgeni anayeaga, likatua, mfuniko ukasema po, halafu mimi nikapita juu ya usukani nikaenda kukaa hapo hapo. Kukaa, siyo kuanguka. Makalio yote mawili ndani ya rangi, nasikia baridi inapanda mpaka kiunoni na siwezi kuinuka maana kila nikiweka mkono chini unateleza.

Na mwendo wenyewe ulikuwa mdogo kiasi kwamba mzee wa mkongojo niliyekuwa nimempita nyuma kidogo akanifikia. Nikajikuta nasema "Shikamoo mzee" nikiwa nimekaa vile vile.

"Marahaba mwanangu." Akaangalia chini, akaniangalia mimi. "Unapaka barabara?"

Basi nikainuka, nikakokota baiskeli, tina ya kutolea rangi, sabuni, tina tena, suruali kwaheri. Ile miguu nimeifunga jana na wala haionekani vibaya. Geti bado halijapakwa.

Halafu huyo anayesema nililia, rangi iliniingia jichoni. La kulia tu, la kushoto lilitoa machozi kwa kumsindikiza mwenzake.