Tunauziwa Kashata, Mawe Yanakula Ubavu

Jumamosi iliyopita, saa nane mchana, mpwa wangu alinipigia simu akiwa juu ya kichuguu alichokipanda kutafuta mtandao, mahali fulani kati ya Engaruka na Ngare Sero, kwenye lile jua ambalo hata mbuzi hulikimbia. Aliniamkia kwa upole usio wake, nikajua kuna jambo.

"Mjomba, tairi la nyuma limechanika ubavuni."

Nikamwuliza limechanika kiasi gani. Akanyamaza kidogo.

"Kiganja kinaingia."

Tairi la akiba alikuwa nalo moja tu, na hilo lilikuwa limekwisha kufungwa tangu asubuhi, kilomita chache baada ya Selela, badala ya la mbele lililochanika namna hiyohiyo. Kwenye kivuli cha gari walikuwa wamekaa wageni wanne waliokusudia kuanza kupanda Ol Doinyo Lengai usiku uleule. Matairi yote manne yalikuwa na wiki tatu tangu anunue Arusha, na bado yalikuwa na vile vinywele vya mpira vya kiwandani.

Nilikuwepo siku alipoyaleta nyumbani kuyaonyesha, na nakiri kwamba yalipendeza. Kashata zake, yaani vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga chini, zilikuwa kubwa kama vipande vya sabuni ya mche, zimepangwa kwa nafasi pana, na nyingine zilikuwa zimepanda hadi kwenye bega la tairi ili gari lionekane kama limetoka vitani. Muuzaji alikuwa amemwambia, "Haya hayakwami popote." Naomba nimtendee haki muuzaji huyo, kwa kuwa alisema kweli: kijana wangu hakukwama. Barabara ya kutoka Mto wa Mbu hadi Ziwa Natron, katika mwezi aliopita yeye, haikuwa na tope hata la kuloweshea kisigino. Ilikuwa na mawe meusi ya volkeno, yenye makali kama chupa iliyovunjwa, yaliyotawanyika kwa makumi ya kilomita, na mawe hayo hayajali kashata ni kubwa kiasi gani, kwa sababu hayashughuliki na kashata. Yanatafuta ubavu.

Hili ndilo jambo ambalo nimechoka kulisema kwenye vijiwe vya madereva na ambalo leo nimeamua kuliandika. Sisi tunanunua matairi kwa macho. Tunainama, tunaingiza kidole gumba kwenye nafasi ya kashata kupima kina, tunatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha tunatoa laki kadhaa kwa kila moja bila kusoma hata mstari mmoja wa maandishi yaliyojaa ubavuni. Mtu yuleyule akinunua simu husoma hadi idadi ya megapikseli za kamera ya mbele.

Ubavu ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote za tairi, na umefanywa mwembamba kwa makusudi. Chini ya kashata kuna mikanda ya chuma. Ubavuni, katika matairi mengi ya magari yetu, hakuna chuma, kuna tabaka za nyuzi za poliesta zilizofunikwa kwa mpira, kwa sababu sehemu hiyo inatakiwa kujikunja na kujinyoosha kila gurudumu linapozunguka. Msumari ukiingia kwenye kashata, fundi wa pancha yeyote wa Makuyuni ataziba na utaondoka kabla chai haijapoa. Ubavu ukichanika umepoteza tairi. Unaweza kutia tubu na kipande cha tairi kuukuu kwa ndani ili ujikokote hadi kijiji kinachofuata, lakini anayekuambia kwamba hilo ni tengenezo la kudumu, mwambie atangulie yeye na familia yake.

Kwa hiyo kama safari zako ni za mawe, swali la kwanza ni ubavu umejengwaje, na jibu lake limeandikwa palepale. Tafuta yale maandishi madogo yanayotaja tabaka ngapi za poliesta ziko ubavuni na ngapi za chuma ziko chini ya kashata. Matairi mengi yana tabaka mbili ubavuni, na baadhi ya yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya kazi ngumu yana tatu. Kisha tafuta namba ya uzito, ile inayofuata baada ya kipimo. Katika kipimo cha 265/70R16, ambacho ndicho alichofunga mpwa wangu kwenye Prado yake, tairi la LT (kifupi cha "light truck", yaani la magari ya mizigo) lenye plai 10 huandikwa 121, maana yake kila moja linaweza kubeba kilo 1,450. Yake yalikuwa ya plai 6, yameandikwa 110, yaani kilo 1,060. Herufi LT zilikuwepo, tena kubwa za kujionyesha, na kashata za tope zilikuwepo, lakini mwili uliofichwa ndani ya urembo huo ulikuwa wa tairi jepesi. Sisemi kwamba gari lake lilizidi uzito huo, hata pamoja na mahema na madumu ya maji juu ya keria. Nasema kwamba namba hiyo ni tundu la kuchungulia ndani ya tairi kabla hujalilipia, na yeye hakuchungulia.

Na hizo plai 10 zisikutie wazimu ukadhani kuna tabaka 10 za kuhesabu. Hicho ni kipimo cha nguvu kilichobaki kutoka enzi za nyuzi za pamba.

Watu watanijibu kwamba tairi zito ni gumu, linarusha abiria kwenye changarawe, linakula mafuta, na linahitaji upepo mwingi zaidi kuliko tairi la kawaida lisilo la LT ili kubeba mzigo uleule. Yote ni kweli. Mgongo wangu umepita barabara ya Naabi hadi Seronera, kule Serengeti, mara nyingi kiasi kwamba sihitaji kufundishwa habari za kurushwa. Lakini mgeni aliyerushwa hufika na kulalamika akiwa hotelini, akiwa na soda baridi mkononi, ilhali wageni wa mpwa wangu walilalamika wakiwa kwenye kivuli cha gari kilichokuwa kikisogea kila baada ya nusu saa.

Halafu kuna upepo, ambao ni bure na kwa hiyo haupewi heshima. Kijana alitoka Arusha amejaza psi 45 kwa sababu mtu fulani alimwambia kwamba tairi gumu halichaniki. Ngoma ikilia sana hupasuka, wahenga walishasema, na tairi lililojazwa hivyo likikutana na jiwe kali halina nafasi ya kubonyea; lazima kitu kimoja kikubali, na jiwe halikubali. Mimi nikiiacha lami ya Mto wa Mbu kuelekea kaskazini hushusha hadi 28 hivi, gari likiwa na mzigo wa kawaida, na mwendo wangu hauzidi kilomita 40 kwa saa. Sishushi zaidi ya hapo kwenye mawe, kwa kuwa tairi lililolegea hutoa tumbo pembeni, na tumbo hilo ndilo linalopelekwa kwenye kisu. Likigonga kwa kasi, jiwe hulibana dhidi ya rimu na kulikata mara mbili. Nikirudi kwenye lami hujaza tena kabla ya kuongeza mwendo, maana tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa kwenye lami hupata joto hadi kupasuka. Pampu ndogo ya kuunganisha kwenye betri inatosha kwa kazi hii, na bei yake ni ndogo kuliko ya tairi moja.

Jambo la mwisho kuhusu mawe, ambalo hakuna duka linaloliuza: jiwe lipande. Dereva mgeni akiona jiwe kali hukwepa kwa unyoya, akajisifu kwamba amelikosa, kumbe gurudumu la nyuma, ambalo hukata kona kwa ndani zaidi ya lile la mbele, limepita likijikwaruza ubavu mzima. Kama jiwe si refu la kufikia difu, ile gia iliyo katikati ya ekseli chini ya gari, elekeza katikati ya kashata juu yake, polepole, upande na ushuke. Hapo ndipo penye chuma.

Sasa tope, maana najua kuna watu wa Mbeya na Njombe ambao tangu aya ya kwanza wananisubiri. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuna mahali ambapo zile kashata za trekta zina kazi halali. Anayetoa viazi Makete wakati wa masika, kwenye mteremko wa udongo mwekundu unaoteleza kama bamia, anahitaji nafasi pana kati ya kashata ili tope liingie na kurushwa nje kila gurudumu linapozunguka. Tairi la kati, lile la kila barabara, litajaa tope na kugeuka kipara ndani ya mita 20. Huyo anunue, tena ya plai nyingi, na nisimsikie akiomba radhi.

Lakini udongo mweusi wa mbuga ni habari nyingine. Ule wa pembezoni mwa kinamasi cha Silale kule Tarangire, au wa Serengeti upande wa Grumeti, ukilowa huvimba na kushika kila kitu kama ugali wa moto. Nimewahi kushuka garini hapo na viatu vyangu vikaongezeka uzito kila hatua hadi nikaviacha na kuendelea na soksi. Udongo huo hujaza kashata yoyote iliyobuniwa na binadamu, na dereva akikanyaga mafuta ili usafike, gurudumu huchimba. Kama chini kuna tabaka ngumu, tairi jembamba na refu litaifikia na utatoka. Ndiyo maana zile Land Cruiser za kazi hazikuachana na 7.50R16, ambayo siku hizi wengi huibadili kwa 235/85R16 yenye kimo karibu sawasawa. Kama hakuna tabaka ngumu, utakalia tumbo la gari, na hapo kinachokuokoa ni koleo, gari la pili na mkanda wa kuvutia. Zaidi ya hivyo, na hili wauzaji hawalitaji kabisa, tope la namna hiyo unakutana nalo siku chache kwa mwaka, ilhali lami iliyolowa unapita msimu mzima wa mvua, na kwenye lami iliyolowa zile kashata kubwa zina mpira mchache unaogusa chini na hazina mikato midogo ya kukata maji. Breki huchelewa. Nani anafunga tairi kwa ajili ya siku tatu za Grumeti na kulipia kila anapotelemka Kisongo mvua ikinyesha? Sisi.

Kwa mtu wa safari mchanganyiko, basi, nitasema tairi la kila barabara, lenye ubavu wa kazi nzito. Halipendezi sana kwenye picha.

Kuhusu wanaopandisha kipimo ili gari liwe refu: toka 265/70R16 nenda 285/75R16, kimo kinaongezeka karibu asilimia 7, na spidomita haijui. Ikikuonyesha 50 kijijini, wewe uko karibu na 54, na tochi ya trafiki haina muda wa kusikiliza habari za urembo. Hiyo ni shilingi 30,000, mbali na mpira kukwangua madigadi kila ukikata kona.

Mchanga sitaugusa, shusha upepo, usikate kona kwa ghafla, basi.

Mpwa wangu aliokolewa na dereva mwenzake aliyekuwa akitoka Natron, ambaye alimwazima tairi lake la akiba bila kumjua jina, kama ilivyo desturi ya njia ile. Wageni walipanda mlima usiku unaofuata. Juzi Jumatano kijana akaenda mwenyewe kutafuta matairi mengine, safari hii nikiwa nimemtia kichwani mambo mawili: namba ya uzito, na zile tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa ubavuni unaoanza na herufi DOT, mbili za kwanza zikiwa wiki ya mwaka na mbili za mwisho mwaka wenyewe. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, na dawa ya kung'arisha ni rahisi kuliko tairi. Saa tano asubuhi simu ikalia.

"Mjomba, nimepata. Plai 10, imeandikwa 121, poliesta tabaka tatu ubavuni. Mapya kabisa, yanang'aa, na bei ameshusha bila hata kuombwa."

"Nisomee zile nne."

Nikasikia akiinama, akihema, akisugua kwa kidole. "Nne, saba, moja, saba."

"Wiki ya 47 ya mwaka gani?"

Kimya. Kisha nikamsikia akimwambia mtu aliye pembeni yake, kwa adabu kubwa kabisa, "Samahani kaka, hebu kwanza nirudishie hela yangu."