Barua ya Shule Isiyoomba Pesa

Mtoto akirudi nyumbani na barua ya shule, wazazi wengi tunakuwa tumeshaikisia kabla ya kuifungua. Ama ni mchango, ama kuna kesi. Nimeketi kwenye vikao vya wazazi vya kutosha kujua kwamba makisio hayo hayakosei mara nyingi, na ndiyo maana viti vingi hubaki vitupu. Kisha walimu hulalamika kwamba wazazi hawajali. Mimi sikubali. Mtu anayeitwa pale tu anapodaiwa au anaposhtakiwa hujifunza kukwepa mwito, hata kama anampenda mwanawe kuliko chochote duniani.

Kwenye mji mdogo jambo hili linauma zaidi. Jijini kuna maktaba, kumbi, viwanja na vyama vya kila namna. Mji mdogo mara nyingi una jengo moja tu kubwa lisilo la biashara wala la dini yoyote, nalo ni shule ya msingi. Fundi cherehani alisoma pale, dereva alisoma pale, muuguzi naye vilevile, na yule mzee anayekaa kibarazani bado anakumbuka alikalia dawati gani. Ni vigumu kupata nyumba isiyo na mtu aliyepita katika madarasa yale. Hata hivyo, masomo yakiisha lango linatiwa kufuli, na jengo linalala tupu mpaka asubuhi.

Mwaka 1916, msimamizi wa shule za vijijini katika jimbo la West Virginia, Marekani, aitwaye L. J. Hanifan, aliandika makala kuhusu shule kama kituo cha jamii. Humo alitumia maneno "mtaji wa kijamii", ambayo siku hizi wanauchumi na wanasosholojia hawaishi kuyataja. Alikuwa na maana ya kawaida kabisa: nia njema, urafiki, kuoneana huruma na kutembeleana kwa watu wanaoishi pamoja. Alieleza jinsi walimu wa eneo moja walivyowaalika watu shuleni jioni, wakakusanya historia ya mahali pao, wakafungua masomo ya usiku kwa watu wazima waliokosa nafasi ya kusoma. Watu walipokwisha kuzoeana ndipo wakashikamana kudai barabara nzuri. Walikutana kwanza, mahitaji makubwa yakafuata. Sisi tumeanzia mwisho, halafu tunashangaa hakuna anayekuja.

Sisemi michango ni mibaya. Kati ya 1912 na 1932, karibu shule 5,000 za watoto weusi zilijengwa kusini mwa Marekani kwa mpango ulioanzishwa na Booker T. Washington, mwalimu mweusi aliyeongoza chuo cha Tuskegee huko Alabama, pamoja na mfanyabiashara Julius Rosenwald. Sharti mojawapo lilikuwa wenyeji nao watoe chao. Wengi wao walikuwa wakulima maskini, waliokwisha kulipa kodi kwa serikali zilizowatengea watoto wao makombo. Walitoa ardhi, mbao, jasho na senti walizozikusanya moja moja, na ukijumlisha, michango yao ilizidi kidogo fedha alizotoa Rosenwald. Kulipishwa mara mbili namna ile kulikuwa dhuluma, na siwezi kuisifu. Lakini tazama walichojenga. Ramani za shule nyingi kati ya hizo zilikuwa na ukuta wa kukunjwa katikati, ili madarasa mawili yageuke ukumbi mmoja wa mikutano. Aliyetoa mbao alijua mahali atakapokaa yeye mwenyewe jioni. Mchango wa namna hiyo humfunga mtu na shule. Mchango wa kukatiwa risiti na kuambiwa "asante, kwaheri" haumfungi na chochote.

Mwalimu Nyerere naye alilitazama jambo hili katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967. Alitaka shule ziwe jamii zinazofanya kazi, na elimu ya msingi iwe na ukamilifu wake yenyewe, mtoto aandaliwe kwa maisha atakayoishi, badala ya kuwa ngazi tu ya kupandia sekondari. Bado naamini alikuwa sahihi. Kilichoniumiza ni jinsi wazo hilo lilivyopotelea shambani katika shule nyingi: jembe likawa adhabu ya mchelewaji, na shamba likawa la mwalimu mkuu machoni pa watoto. Wazazi waliolima maisha yao yote walikuwa hatua chache tu kutoka pale. Kumwita mmoja wao aje aeleze kwa nini mbegu hii hupandwa kwa nafasi ile kungegeuza shamba hilohilo kuwa darasa.

Hapo ndipo ninapotaka tukazane. Mji mdogo unaweza kukosa fedha, lakini watu wenye ujuzi haukosi. Fundi seremala anajua vipimo na pembe kwa mikono yake. Dereva anaweza kueleza umbali, mwendo na muda kwa namna ambayo mtoto hataisahau. Bibi mmoja anakumbuka mji ulivyokuwa kabla ya barabara, na siku atakapoondoka ataondoka nayo yote. Mtaala utabaki mikononi mwa mwalimu, kwa sababu kufundisha ni taaluma na haifai kuachiwa kila mpita njia. Mgeni naye aandikishwe, ajulikane amekuja kwa nani, na asiachwe peke yake na watoto. Taratibu hizo hazimzuii mtu mwema kuja.

Nakiri ukaribu una ubaya wake, na katika mji mdogo ubaya huo ni mkali. Mwalimu anayemjua baba humhukumu mtoto kabla hajafungua daftari. "Huyu ni wa ukoo ule", inasemwa kwenye chumba cha walimu, na mtoto wa miaka saba anabebeshwa madeni na ugomvi wa watu wazima. Nimeona mdogo akilipishwa utundu wa kaka yake aliyemaliza miaka minne nyuma. Siri ya nyumba inayofika shuleni kwa nia ya kumsaidia mtoto inaweza kurudi mtaani kama umbea kabla ya jua kutua. Shule inayotaka kuwa karibu na watu inapaswa kujifunza kunyamaza kwanza, na mwalimu mkuu ndiye wa kuonyesha mfano.

Nayasema haya pia kwa sababu shule ndogo hufungwa. Marekani ilikuwa na shule zipatazo 149,000 za mwalimu mmoja mwaka 1930. Kufikia 1970 zilikuwa chini ya 2,000. Kuunganisha shule kulileta maabara, walimu wa somo moja moja na vitabu vingi zaidi, na mzazi anayeyataka hayo kwa mtoto wake hana kosa. Ila wanaopiga hesabu hizo huhesabu wanafunzi na mishahara, hawahesabu mahali watu walipokuwa wakipigia kura, wakiagana na vijana wao, wakikimbilia maji yanapofurika. Nchini Japani, zaidi ya asilimia 90 ya shule za umma zimeteuliwa kuwa mahali pa kukimbilia wakati wa maafa. Tangu 2010 wizara yao ya elimu ina mradi maalumu wa kuyatafutia kazi mpya majengo ya shule zilizofungwa, kwa kuwa hata bila watoto, mji bado unalihitaji jengo lile.

Shule ambayo mji mzima unaingia na kutoka itapata watetezi siku watakapokuja watu na makabrasha yao kutoka makao makuu. Ile iliyofunga lango miaka ishirini itatetewa na walimu wake peke yao, na walimu wanaweza kuhamishwa.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wakuu. Kabla muhula haujaisha, tumeni barua moja isiyotaja pesa wala kosa la mtoto. Iwe fupi: "Wiki hii darasa la nne wanajifunza vipimo. Mwanao ametuambia wewe ni seremala. Tafadhali njoo Alhamisi saa nne asubuhi, uje na futi yako na vipande viwili vya mbao."