Waamuzi Walikuja Saa Nane, Supu Imekwisha

Kuna binti wa mwaka wa pili, hapa Dar, amepewa alama za huruma kwa kazi ambayo kwangu mimi ilizipita zote kwenye maonyesho ya chuo chao. Chuo sikitaji, wenyewe watajijua. Kosa lake eti "haisomeki".

Kazi yenyewe, ya zoezi la kivuli na herufi, ni bango la mama ntilie wa supu. Neno moja tu, SUPU. Herufi kazikata kwenye boksi gumu, kazipaka nyeupe ileile ya ukuta, kazishikiza kwa vijiti zikae sentimita 2 mbele ya ukuta unaotazama mashariki. Jua likipiga, kivuli ndicho kinachoandika. Jua likivuka utosi, ukuta wote unaingia kivulini na neno linafutika. Na supu saa hizo, kama mnavyojua, imekwisha, kuna mtu anakwangua sufuria. Bango linalofunga biashara lenyewe! Pembeni kaandika kwa penseli: itazamwe asubuhi. Waamuzi wakafika saa nane mchana, wameshiba wali, wakaona ukuta mweupe.

Kilichonipandisha hasira zaidi ni mmoja wao kuuliza kwa nini hakuweka kivuli kwa kompyuta, "si kubofya mara moja tu?" Ndiyo, mara moja tu. Ndiyo maana kadi za harusi, mabango ya mikutano ya injili na ya wagombea mji huu yana kivuli kilekile, chini kulia. Photoshop, ile programu ya kuhariri picha, kwa miaka mingi ilikuja na mwanga umeshapangwa nyuzi 120, yaani juu kushoto, nasi wabunifu tukaupokea kama amri. Jua la Dar halina habari. Adhuhuri ya Juni liko upande wa kaskazini, ya Desemba kusini, na mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba linapita utosini kabisa.

Binti yule alilifuata jua lenyewe. Daftari lake lilikuwa mezani, hakuna aliyelifungua. Nikalifungua. Picha za ukuta uleule, mwezi wa Oktoba, saa baada ya saa. Jua likiwa nyuzi 45 juu ya upeo, karibu saa tatu, kivuli kinashuka sentimita 2, sawasawa na nafasi iliyopo kati ya herufi na ukuta. Likifika nyuzi 60, kama saa moja baadaye, kinashuka karibu 3 na nusu. Likifika 75, kinapita 7, na hapo kivuli cha P kimeshaachana na P yenyewe. Sote tumezoea kivuli cha ardhini, ambacho hufupika jua likipanda. Cha ukutani hurefuka. Kwa hiyo ilibidi aamue ni saa ngapi neno lisomeke vizuri zaidi, ndipo apange unene wa mistari na urefu wa vijiti. Akachagua saa tatu, wateja wanapojaa. Mnataka taipografia, yaani sanaa ya kupanga herufi, gani nyingine jamani?

Kuna ukurasa alikojaribu kuisogeza herufi hadi mita 1 kutoka ukutani. Ukingo wa kivuli ukatawanyika kama sentimita 1, kwa sababu jua si nukta, lina upana wa karibu nusu nyuzi angani. Ule ukungu tunaouvuta kwenye programu kwa kubahatisha una kipimo chake! Na vivuli vyake kwenye picha si vyeusi, vina ubluu, maana anga bado inavimulika. Sisi tunamwaga nyeusi tii tunaita kivuli.

Haya, nakubali kwa shingo upande: masika yote bango lile lingekuwa bubu, na mteja angedai hela yake. Lakini zoezi liliitwa majaribio ya kivuli na herufi. Majaribio!

Wala si kioja kipya. R. Hunter Middleton wa kampuni ya herufi za uchapaji ya Ludlow, Chicago, alichora aina ya herufi iitwayo Umbra miaka ya 1930: herufi hazina mwili, ni kivuli kitupu, na macho yanajaza mengine. Gill Sans, aina nyingine ya herufi, nayo ina toleo lake la kivuli.

Na tusiende mbali. Fundi mmoja wa mabango pale Kariakoo aliwahi kunieleza kwa nini kivuli chake huangukia kushoto. E na K mgongo wao umenyooka, brashi inashuka mara moja. Upande wa kulia ni kona tupu, na yeye analipwa kwa bango, halipwi kwa saa. Hiyo ni sababu, imetoka mkononi. Muulize kijana wa stika kwa nini chake kiko kulia, atakuonyesha kitufe.

Alama siwezi kuzibadilisha. Ila kama una mgahawa wenye ukuta wa mashariki, usio na mwembe mbele yake, niandikie nikuunganishe na huyu binti. Na umlipe, tafadhali, usimwambie unampa nafasi ya kujitangaza.