Kujitoa kwenye Umoja: Kwanza Tuambiwe Tunakwenda Wapi

Uingereza ilipotoka rasmi kwenye Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, ilisemwa sana kwamba jambo hilo halijapata kutokea. Kwa nchi mwanachama kamili, ni kweli. Lakini miaka 35 kabla yake Greenland, kisiwa cha watu wapatao 50,000 kilicho chini ya Denmark, ilikwishapita njia hiyo. Denmark ilijiunga na Jumuiya ya Ulaya, iliyokuja kuwa Umoja wa Ulaya, mwaka 1973 ikaiburuta na Greenland, ingawa asilimia 70 hivi ya wapiga kura wa kisiwani walikuwa wameukataa uanachama. Uvuvi, ambao ndio uhai wao, ukawa unaamuliwa Brussels, makao makuu ya jumuiya hiyo. Wakapata utawala wao wa ndani mwaka 1979, na Februari 1982 waliotaka kujitoa wakashinda kwa asilimia 53 hivi. Kisha mazungumzo yakachukua karibu miaka mitatu. Walipotoka tarehe 1 Februari 1985, makubaliano yalikuwa mkononi: meli za Ulaya zitaendelea kuvua, ila kwa malipo, na samaki wa Greenland wataingia soko la Ulaya bila ushuru.

Nimeanza na samaki hao kwa sababu mjadala wa kujitoa kwenye umoja wa nchi huwa unaendeshwa kwa matusi. Anayetaka kutoka huitwa mjinga aliyedanganywa, anayetaka kubaki huitwa mtumwa wa wageni. Watu wa Greenland hawakuwa wajinga. Walijua wanataka nini, na walijua watatoa nini ili wakipate.

Hoja ya wanaotaka kutoka ina uzito, na haijibiwi kwa takwimu za biashara peke yake. Umoja hukua. Unaingia ukiambiwa ni soko, baada ya miaka kadhaa unakuta kuna mahakama ambayo hukumu yake iko juu ya mahakama zako, na sheria zinazopitishwa kwa wingi wa kura hata kama wewe umepinga. Waingereza walipoulizwa mwaka 1975, asilimia 67 walisema tubaki, na walichokuwa nacho vichwani wengi wao kilikuwa soko la pamoja. Walipoulizwa tena tarehe 23 Juni 2016, umoja ulikuwa umekuwa kitu kingine. Mwananchi anayeuliza, "Aliyetunga sheria hii nimwondoeje madarakani asiponifaa?" anauliza swali la msingi kabisa la demokrasia, naye anastahili kujibiwa kwa heshima. Tena, nchi iliyo ndani ya umoja wa forodha haiwezi kwenda kufunga mkataba wake wa biashara na nchi ya nje. Ushuru ni mmoja kwa wote. Baada ya kutoka, Uingereza ilifunga mikataba na Australia na New Zealand iliyoanza kutumika Mei 2023. Hiyo ni faida halisi, hata kama ni ndogo ukiilinganisha na biashara yake na Ulaya.

Gharama ya kutoka, kwa upande mwingine, haikai pale wengi wanapoitafuta. Watu wanafikiria ushuru. Mkataba wa Desemba 2020 kati ya Uingereza na Umoja wa Ulaya uliacha ushuru ukiwa sifuri kwa bidhaa zinazothibitishwa kuwa zimetengenezwa huko zinakotoka. Neno zito hapo ni "zinazothibitishwa". Chukua lori la kome na chaza waliovuliwa Wales au kusini mwa Uingereza. Hadi Desemba 2020 wangeweza kupakiwa wakiwa hai na kwenda kusafishwa Ufaransa kama mali inayotoka mkoa mmoja kwenda mwingine. Kuanzia Januari 2021 Uingereza ikawa nchi ya nje, na sheria ya Ulaya inasema chaza hai kutoka nchi ya nje, kama maji walikovuliwa si ya daraja la juu kabisa la usafi, lazima wasafishwe kwenye matangi kabla ya kuingia. Maji ni yale yale, chaza ni wale wale. Kilichobadilika ni mstari wa mpaka. Ongeza hapo cheti cha afya chenye saini ya mkaguzi, tamko la forodha na wakala wa kulijaza. Kampuni kubwa inaajiri watu wa kufanya kazi hiyo na maisha yanaendelea. Mfanyabiashara mdogo aliyekuwa akituma kreti chache kwa wiki anapiga hesabu, anaona makaratasi yanamla faida yote, anaacha. Huyu ndiye anayeniuma zaidi, kwa sababu kwenye kampeni alitajwa sana, na kwenye mkataba akasahaulika.

Halafu kuna Ireland. Mpaka kati ya Ireland ya Kaskazini, iliyo sehemu ya Uingereza, na Jamhuri ya Ireland una urefu wa kilomita 500 hivi, na kuna mahali unapita katikati ya mashamba ya watu. Makubaliano ya amani ya mwaka 1998 yalizima miongo mitatu ya umwagaji damu, na sehemu ya amani hiyo ni kwamba mtu anavuka bila kuona kizuizi. Sasa, nchi mbili zikiwa na sheria tofauti za bidhaa, mahali fulani lazima bidhaa zikaguliwe. Zikikaguliwa nchi kavu, unachokoza kidonda cha zamani. Zikikaguliwa baharini, unaweka mpaka katikati ya nchi yako mwenyewe. Uingereza ilichagua bahari, na hata baada ya marekebisho yaliyofikiwa Windsor mwaka 2023, Ireland ya Kaskazini bado inafuata sheria nyingi za Ulaya kuhusu bidhaa. Karatasi ya kura ya 2016 haikuligusa hilo, nayo ilikuwa na majibu mawili tu.

Na hapo ndipo ninapoona kosa lenyewe. Asilimia 51.9 walisema tutoke, lakini hawakuwa wakitaka kitu kimoja. Wapo waliotaka wahamiaji wapungue. Wapo waliotaka nchi ifungue milango ya biashara kwa dunia nzima. Wapo walioamini tangazo lililobandikwa kwenye basi la kampeni, kwamba Uingereza inapeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki, fedha ambazo zingekwenda hospitalini. Kiasi hicho hakikutoa punguzo ambalo Uingereza ilikuwa ikipewa. Matakwa hayo yasingeweza kutimizwa yote kwa pamoja. Aliyepiga kura ili wahamiaji wapungue aliona wanaotoka Ulaya wakipungua, kisha katika mwaka ulioishia Juni 2023 walioingia wakazidi walioondoka kwa watu wapatao 900,000.

Upande wa kubaki nao ulikosea, na ni haki kulisema. Wizara ya Fedha ilionya mwaka 2016 kwamba ushindi wa kutoka utaleta mdororo wa uchumi mara moja. Haukuja. Kilichokuja ni kitu cha polepole: taasisi huru ya makadirio ya bajeti ya Uingereza inakadiria kwamba tija ya nchi, yaani uzalishaji kwa kila mfanyakazi, itakuwa chini kwa asilimia 4, kwa muda mrefu, kuliko ambavyo ingekuwa ndani ya umoja. Hasara ya namna hiyo haionekani kwa macho. Hakuna asubuhi mtu anaamka akakuta imefika.

Afrika ina mifano yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967 ilivunjika mwaka 1977 bila mwananchi hata mmoja kuulizwa kwa kura. Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi mwaka 1983, na makubaliano ya kugawana mali za pamoja, zikiwemo za reli na shirika la ndege, yakapatikana mwaka 1984. Mkataba wa kuifufua jumuiya ulitiwa saini mwaka 1999. Hesabu mwenyewe ni vijana wangapi walikua na kuzeeka humo katikati. Na Mali, Burkina Faso na Niger zilitoka ECOWAS, jumuiya ya uchumi ya nchi za Afrika Magharibi, tarehe 29 Januari 2025. Uchungu wao naufahamu: baada ya mapinduzi ya Niger mwaka 2023, vikwazo vya ECOWAS vilifunga mipaka na Nigeria ikakata umeme, na aliyeumia ni raia wa kawaida. Lakini uamuzi wa kutoka ulifanywa na serikali za kijeshi bila kura, katika nchi tatu zisizo na bahari, ambazo mizigo yao hupitia bandari za jirani kama Abidjan na Lomé na ambazo bado zinatumia sarafu moja na baadhi ya nchi walizoziacha ndani.

Kwa hiyo sipingi nchi kujitoa. Ninachopinga ni kuulizwa "ndiyo au hapana" kabla ya kuonyeshwa rasimu ya mkataba wa kutoka. Serikali ya Theresa May, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo, iliwasilisha barua ya kujitoa tarehe 29 Machi 2017, saa ya miaka miwili ikaanza kuhesabu, na Julai 2018 mawaziri wake wawili wakubwa walikuwa bado wanajiuzulu kwa kutokubaliana nchi ielekee wapi. Mwaka 2019 Bunge likaukataa mkataba wake mara tatu. Kwa maoni yangu kura ingepaswa kuwa mbili: ya kwanza kuiruhusu serikali ikajadiliane, ya pili kuuamua mkataba wenyewe, ukurasa kwa ukurasa, wenye jibu la nani atakagua nini na wapi.

Ila hapa umoja nao una lawama yake. Baada ya kura ya 2016, viongozi wa Ulaya walisema hakuna mazungumzo ya aina yoyote kabla ya barua rasmi ya kujitoa, na barua ikishatumwa muda unamkimbiza anayetoka peke yake. Utaratibu huo unamlazimisha mtu kuruka kwanza ndipo aulize kina cha maji. Umoja unaojiamini ungemruhusu mwanachama akae mezani mwaka mmoja au miwili akiwa bado ndani, ajadiliane, kisha awapelekee wananchi wake karatasi waisome kabla hajatuma barua yoyote.