Kopo Huwezi Kuliosha

Filta ya karatasi haioshwi. Naandika nikiwa bado na hasira, maana wiki iliyopita, kwenye gereji moja ambayo jina lake silitaji, nilikuta filta ya oili ya CB750, pikipiki ya zamani ya Honda, ya rafiki yangu imelowekwa kwenye chupa ya maji iliyokatwa shingo, ndani petroli tupu, na kijana anaipiga mswaki kwa bidii kama anasugua sufuria ya shughuli.

"Fundi, hiyo ni ya kubadilisha."

"Kaka, hii bado nzima, imechafuka tu."

Akaitoa, akaipuliza kwa kompresa, akanitazama kama anayesubiri pongezi. Mikunjo ya karatasi ilikuwa imelala yote upande mmoja. Gundi inayoshika karatasi kwenye kifuniko cha juu imeanza kuachia. Na ilikuwa inarudi kwenye injini!

Kwa hiyo ukiniuliza kama pikipiki ya zamani yenye filta ya karatasi ndani ya kikombe ifungwe adapta, yaani kipande cha kuunganishia, ili itumie filta ya kopo, ile ya kuzungusha kwa mkono kama ya gari, jibu langu ni ndiyo. Fanya. Fanya kabla hujasafiri ukaiacha kwa mtu.

Wapenda asili nawasikia tayari. Kikombe kile cha alumini chenye mapezi, kimekaa mbele ya injini katikati ya mabomba manne, ndiyo sura ya CB750 tangu ilipotoka 1969. Sawa. Ni kizuri. Nakubali ni kizuri kuliko kopo la bati lenye maandishi ya rangi. Lakini injini hailainishwi kwa uzuri wa kikombe.

Nisimwonee fundi. Yule kijana hakuwa mvivu, na kosa lake lina mahali lilipotoka. Pikipiki alizojifunzia ni SanLG na ndugu zake wote wenye injini za ukoo wa CG125 ya Honda. Mle ndani hakuna karatasi. Kuna chujio la waya, na kuna kile kikombe kinachozunguka na kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kinachorusha uchafu pembeni mpaka ugande ukutani. Vyote viwili vinaoshwa, na ni sahihi kabisa vioshwe. Bodaboda zinakula kilomita kila siku kwa mtindo huo. Sasa mtu ambaye maisha yake yote filta ni kitu cha kuosha, ukimpa filta ya karatasi ataifanya nini? Ataiosha. Tena ataiosha vizuri.

Tatizo ni kwamba CG125 na CB750 si injini za aina moja. Kranki ya CG125 inazunguka kwenye bearingi za gololi, ambazo zinaridhika na oili ya kurushiwa. Kranki ya CB750 imelala kwenye vipande laini vya chuma vilivyopinda, na kinachoitenganisha navyo ni utando wa oili inayosukumwa na pampu kwa presha. Oili hiyo ikibeba vumbi la chuma, au kipande cha karatasi iliyopigwa mswaki, inakwenda nacho moja kwa moja mpaka huko. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: ndani ya ile bolti ndefu inayoshika kikombe kuna valvu ndogo yenye springi. Filta ikiziba, valvu inafunguka na oili inapita bila kuchujwa, ili injini isikose oili kabisa. Maana yake filta iliyooshwa mpaka mikunjo ikashikana haitakupa dalili yoyote. Taa ya oili haiwaki. Pikipiki inatembea. Wewe unashukuru umeokoa hela ya filta, huku kranki inalainishwa kwa mchanga.

Tuje kwenye bolti yenyewe. Kichwa chake ni cha spana namba 12. Bolti nene, ndefu, inayoshika kikombe kizima, imepewa kichwa cha kidoleni. Inatakiwa kukazwa kiasi tu, kama Nm 30 hivi, lakini nani ana spana ya kupimia? Inakazwa kwa hasira, na safari ijayo kichwa kinalika. Inafuata paiprenchi. Ikishindikana, patasi na nyundo, na mapezi mawili ya kikombe yanakatika. Nimeona CB750 nyingi zenye alama hiyo kiasi kwamba sasa nikikuta yenye kichwa kizima nashangaa.

Halafu ndani kuna springi na washa vinavyoisukuma filta ikae mahali pake. Washa ina tabia ya kunata kwenye filta ya zamani na kwenda nayo jalalani. Hakuna atakayejua mpaka siku ya kufungua tena. Filta bila springi na washa inacheza mle ndani, oili inapita pembeni, na hapo hata ungekuwa umeweka filta mpya ya Japani umeweka pambo.

Kopo halina hayo yote. Valvu iko ndani yake, mpira umo, hakuna springi ya kupoteza. Paka oili kidogo kwenye mpira, zungusha mpaka uguse, ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Basi. Na la muhimu kuliko yote, kopo huwezi kuliosha. Utaliingiza mswaki wapi?

Rafiki yangu mmoja ananiambia niagize filta za karatasi nyingi niweke kabatini, ni nyepesi, HF401, ndiyo namba ya filta hiyo, inapatikana kirahisi huko nje na inaingia hata CB500 na CB550. Kweli. Yeye anazo kabatini. Hii iliyokuwa inaoshwa kwenye chupa ilikuwa ya pikipiki yake, na kabati lilikuwa limefungwa, naye yuko Dodoma.

Sasa sikilizeni hapa kwa makini, maana hapa ndipo watu watakapoumia. Adapta zinakuja na nyuzi za skrubu, pale kopo linapozungushiwa, za aina mbili. Kuna ya milimita, M20x1.5, inayopokea makopo kama HF303 na HF204 ya pikipiki, na filta za magari mengi ya Honda na Nissan. Na kuna ya inchi, 3/4-16, ambayo ndiyo ya Toyota nyingi tulizonazo. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05. Ile ya M20 ni 20. Tofauti haifiki milimita moja, na kwa jicho huioni. Kopo la uzi wa Toyota haliingii kwenye adapta ya M20, hapo uko salama, litakukatalia. Lakini kopo la M20 kwenye adapta ya inchi linaingia. Linaingia vizuri sana, kwa ulaini wa kutia shaka, mpira unabana, unaona limekaza. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, oili nzito, presha inapanda, kopo linachomoka. Na kumbuka liko mbele ya injini. Oili yote inamwagika mbele ya tairi la nyuma, nawe umelikalia. Ukifika dukani Kariakoo usimwambie muuzaji "nipe inayofanana na hii". Nenda na adapta mkononi, fungisha kopo palepale mezani kabla mpira haujagusa, litikise. Likicheza, rudisha. Muuzaji akinuna, anune.

Adapta unaweza kuagiza, au ukamwendea fundi wa kerezo mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, wapo wanaochonga alumini vizuri kuliko hizo za kununua. Ila mpe ya mfano. Njia ya oili kuingia iko pembeni, ya kurudi iko katikati. Akikosea tundu, kranki inakaa kavu. Ukishafunga, toa plagi, zungusha injini kwa stata mpaka taa ya oili izime, ndipo urudishe plagi na kuwasha.

Chagua kopo fupi. Refu litapigwa na madigadi siku utakayoingia shimoni kwa kasi. Na funga kipande cha mpira wa tairi nyuma ya gurudumu la mbele, maana bati halistahimili kokoto kama alumini. Hilo ni pungufu, silifichi.

Oili ni mada nyingine. Hapa oili moja inalainisha kranki, gia na klachi, kwa hiyo chukua yenye alama ya JASO MA, ya pikipiki ambazo klachi inalowa oili, uachane na hizo za gari zinazojisifu kuokoa mafuta.

Kuna aliyenirushia kwamba hata Toyota kadhaa zilirudi kwenye filta ya karatasi. Ni kweli, inapunguza taka za bati, na siwezi kubishana na hilo. Nimeshaona na zenyewe zikioshwa.

Lingine: kwenye kikombe unafungua unaona kama kuna vumbi la chuma linalong'aa, kopo linaficha. Haya. Msumeno upo, likate uone. Kwanza Honda wenyewe baadaye walihamia kwenye kopo, CBR600 ya 1987 imetoka nalo kiwandani, na sijasikia mtu anayelia kuhusu asili yake.

Anayetaka uasili, kikombe changu kipo, springi ipo, washa ipo, bolti ipo na kichwa chake kilicholika. Namuuzia vyote kwa pamoja. Filta aje nayo mwenyewe, na ije kavu.