Roketi zilizoizamisha Hussar zilikuwa za Uingereza

Nikiikumbuka manowari ya Uingereza HMS Hussar, huanzia Julai 1942, miaka miwili kabla haijazama. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vinaendelea, na msafara wa meli za mizigo ulioitwa QP 13 ulikuwa ukirudi kutoka Urusi. Ukungu ulitanda, bahari imechafuka, na kwa siku kadhaa hakuna aliyeliona jua wala nyota. HMS Niger iliyokuwa ikiongoza ikaona mlima wa barafu unaoelea, ikadhani ni rasi ya Iceland, ikageuza njia. Meli zikaingia katikati ya mabomu waliyoyatega Waingereza wenyewe. Niger ikazama, na meli za mizigo kadhaa nazo. Ni Hussar iliyofanikiwa kujua walipo, ikazitoa zilizosalia.

Kazi ya Hussar ilikuwa kufagia mabomu baharini. Meli hukokota waya mrefu unaokata mnyororo ulioshikilia bomu, bomu linaibuka, linapigwa risasi. Kazi hiyo haina kukwepakwepa: unakwenda polepole, mstari umenyooka, maana ukiacha pengo atakayekufuata ndiye atakayekufa.

Hivyo ndivyo walivyokuwa tarehe 27 Agosti 1944 karibu na bandari ya Le Havre, Ufaransa, Hussar pamoja na wafagiaji wenzake Britomart, Salamander na Jason, jua linawaka. Walikuwa wanasafisha njia ili manowari kubwa Warspite ije kuzipiga ngome za Wajerumani. Ndege 16 za Typhoon, za Uingereza, zikawashukia na roketi. Kiongozi wa marubani alikuwa ameuliza zaidi ya mara moja, kwa kuwa aliziona kama meli za upande wake. Akajibiwa apige. Ratiba ya meli ilikuwa imebadilishwa, na taarifa haikuifikia ofisi iliyopaswa kuijua. Britomart na Hussar zikazama, Salamander haikutengenezeka tena. Mabaharia 117 walikufa.

Kuna watakaosema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi siitumii methali hiyo hapa, kwa sababu hapakuwa na msaliti, palikuwa na ujumbe mmoja ambao haukutumwa. Hilo naweza kulisamehe, vita ni vita. Nisilolisamehe ni kwamba manusura waliamriwa wanyamaze. Maofisa watatu walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, wawili wakaachiwa, mmoja akapewa karipio kali, na umma haukuambiwa. Mjane wa baharia wa Hussar alistahili kujua mwaka uleule nani alimuua mumewe.